Pakiti ya Chumvi na Presha ya Kupanda

Siku utakayofungua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, chukua kalamu uandike tarehe juu ya pakiti yenyewe. Kisha pikeni kama kawaida, msijibane. Itakapokwisha, hesabu zimepita siku ngapi. Gawa gramu 500 kwa idadi ya siku, halafu jibu uligawe kwa idadi ya watu wanaokula hapo nyumbani. Nyumba ya watu watano ikimaliza pakiti kwa siku 12, kila mtu amepata gramu 8 na ushee kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, na ndani ya gramu hizo 5 ihesabiwe pia chumvi ya mkate, ya chipsi, ya sambusa za jioni na ya supu ya mgahawani.

Hesabu hii ina matobo yake. Chumvi ya maji ya kuchemshia mihogo humwagwa na maji. Mtoto wa miaka mitatu hali sawa na baba yake. Mwenye kula mchana kazini anabeba chumvi nyingine isiyoonekana kwenye pakiti yenu. Kwa hiyo fanya kwa pakiti mbili mfululizo, usitegemee moja. Hata hivyo, kwa kalamu na subira tu, utakuwa umejua jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kulijua.

Tunaanzia hapa kwa sababu mtu akishaambiwa kliniki kwamba ana presha ya kupanda, akirudi mtaani hupewa orodha: kitunguu saumu, limau, mlonge, mwarobaini. Hakuna anayemuuliza pakiti ya chumvi nyumbani kwake hudumu siku ngapi. Na katika njia zote zisizo za dawa, kupunguza chumvi ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingi, na inaanzia kwenye sufuria ambayo tayari iko mekoni.

Chumvi hupandisha presha kwa njia inayoeleweka. Sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, ikizidi kwenye damu, mwili hushikilia maji ili kuizimua. Damu huongezeka ujazo, na figo huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili kuitoa ziada hiyo. Mishipa nayo hukaza na kupoteza ulaini kadiri miaka inavyokwenda. Watu hawafanani katika hili: wazee, watu weusi, wenye kisukari na wenye figo dhaifu presha zao huitikia chumvi kwa nguvu zaidi. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga, maharage na matunda, hufanya kinyume. Husaidia figo kuisukuma sodiamu nje pamoja na mkojo na huilegeza mishipa. Ndiyo maana kuzungumzia chumvi bila kuzungumzia mboga na maharage ni kuzungumzia nusu ya jambo.

Magharibi mwa Kenya pana ushahidi wa zamani unaostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wenyeji wa Kavirondo Kusini. Alikuta kwamba presha zao hazikupanda kwa umri kama za Wazungu. Baada ya miaka 40 zilielekea kushuka. Miongo kadhaa baadaye watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuata Waluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohama zilikuwa juu zaidi, na tofauti ilianza kuonekana mapema baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, na uzito wao ulikuwa umeongezeka. Hawa walikuwa watu wa kabila moja, wa eneo moja. Kilichobadilika ni sahani na maisha.

Upande wa tiba kwa chakula, majaribio yanayotajwa zaidi ni ya Marekani yaitwayo DASH. La kwanza lilitoka mwaka 1997: watu 459, chakula chenye matunda mengi, mboga, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nafaka zisizokobolewa na karanga, kwa wiki 8, bila kuwapunguza uzito wala chumvi. Kwa waliokuwa na presha ya kupanda, namba ya juu ya kipimo (presha moyo unaposukuma damu) ilishuka kwa wastani wa 11 na ya chini (moyo unapopumzika) kwa 5 na nusu. Jaribio la pili, la mwaka 2001, liliongeza kupunguza chumvi, na namba zikashuka zaidi. Mshuko wa 11 unakaribiana na kazi ya kidonge kimoja. Orodha ile ya chakula iliandikwa kwa ajili ya maduka ya Marekani, lakini ukiivua majina yake unabaki na mchicha, maharage, ndizi, papai, mtindi, dona na karanga.

Jikoni

Ugali wetu una sifa moja isiyotajwa: hupikwa bila chumvi. Mtu anayekula dona kwa mlenda na maharage anaanza na chakula kikuu chenye sodiamu karibu sifuri. Wali hauko hivyo. Kilo moja ya mchele mara nyingi hutiwa kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, takriban gramu 17, na kilo hiyo hulisha watu wanane au tisa. Kila mmoja ameshapata gramu 2 kabla mchuzi haujafika. Chapati nazo zina chumvi kwenye unga, na mkate wa dukani vilevile: kipande kimoja kinaweza kubeba theluthi ya gramu, na nani anakula kipande kimoja?

Anza na wali. Kwa kilo ya mchele weka kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa badala ya kile cha mezani. Ukipika kwa tui la nazi, au ukitia iliki mbili na kipande cha mdalasini, walaji wengi hawatagundua, kwa sababu wali huliwa na mchuzi na mchuzi ndio unaotawala mdomoni.

Kwenye mchuzi kosa kubwa ni kutia chumvi mwanzoni. Mpishi anatia kijiko kwenye vitunguu, mchuzi unachemka, maji yanapungua, chumvi inabaki yote. Anaonja, anaona nyanya ni kali, anaongeza chumvi kuzima ukali. Fanya kinyume. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, kisha nyanya, na uziache zikaangike mpaka mafuta yajitenge na kuelea pembeni mwa sufuria. Hatua hii huchukua dakika 10 hadi 15 na ndiyo inayoleta utamu ambao watu huutafuta kwa vidonge vya mchuzi. Bizari, giligilani na pilipili manga viingie kwenye mafuta hayo yaliyojitenga, si kwenye maji. Mchuzi ukishakuwa mzito kama unavyoupenda, zima moto, kamulia ndimu au tia ukwaju, onja, ndipo utie chumvi kidogo. Uchachu huufanya ulimi uione chumvi iliyopo kuwa kubwa kuliko ilivyo. Faida ya pili: madini joto yaliyomo kwenye chumvi hupungua yakichemshwa muda mrefu, na chumvi iliyotiwa mwisho huyahifadhi.

Na hapa niseme wazi: usihame kutoka chumvi yenye madini joto kwenda chumvi ya waridi, ya mawe au ya baharini kwa kuamini kwamba hizo ni za kiafya. Sodiamu ni ile ile. Utakachopoteza ni kinga ya rovu, uvimbe wa shingo, ugonjwa ambao nyanda za juu zetu zinaufahamu vizuri.

Vidonge na unga wa mchuzi vinahitaji maneno yake. Kidonge cha gramu 4 kinaweza kuwa na gramu 2 za chumvi ndani yake. Vidonge viwili kwenye sufuria ya watu wanne ni gramu moja kwa kila mtu, juu ya chumvi ya kawaida ambayo mpishi ameshaitia. Ukivitumia, vihesabu kuwa ndiyo chumvi ya siku hiyo na usiguse kopo la chumvi. Soma karatasi ya pakiti: ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu moja ya chumvi.

Papa mkavu na ng'onda havina sababu ya kufukuzwa jikoni, vinahitaji kuondolewa chumvi. Kata vipande vidogo, kwa sababu kipande kinene hutoa chumvi ya juu tu na kubaki nayo katikati. Loweka kwenye maji baridi mengi, mara tano au sita ya ujazo wa samaki, kuanzia jioni. Mwaga na kubadilisha maji angalau mara tatu: baada ya saa moja, kabla ya kulala, na alfajiri. Kisha chemsha dakika 10 na mwaga maji hayo pia. Kata kipande cha katikati uonje kabla ya kukitia kwenye tui. Kikiwa bado kikali, rudia kuchemsha. Maji ya moto tangu mwanzo huivisha nyama ya juu na kuifanya ikaze, chumvi ikafungiwa ndani. Mchuzi wa papa hautiwi chumvi nyingine.

Punguza taratibu. Toa robo ya kiasi chako kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea ndani ya miezi miwili au mitatu, na baada ya hapo chakula cha zamani kitaonekana kikali. Mwenye kukata yote siku moja kwa kawaida hushindwa wiki ya pili, na nyumba nzima humlaumu mgonjwa kwa kuwalisha chakula kisicho na ladha. Kingine kinachoharibu kazi yote ni kopo la chumvi mezani. Liondoe. Aliyezoea kunyunyiza kabla ya kuonja atarudisha kila gramu uliyoitoa jikoni.

Kisha ongeza kinachoshindana na sodiamu. Mtu mzima anashauriwa apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 700, kikombe cha mchicha uliopikwa zaidi ya 800, kiazi kitamu cha wastani kama 500, nusu parachichi karibu 480, ndizi mbivu karibu 420. Dafu moja linaweza kuleta 600 au zaidi. Sasa tazama tunavyopoteza: mboga zinachemshwa kwa maji mengi, maji yanakamuliwa na kumwagwa, na potasiamu imekwenda nayo. Pika mchicha kwa maji yake yenyewe baada ya kuuosha, dakika tano, mfuniko juu.

Tahadhari moja kubwa iko hapa. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa kama spironolactone, losartan au enalapril, asijiongezee potasiamu kabla ya kuongea na daktari wake na kupimwa damu. Figo ikishindwa kuitoa, potasiamu hupanda na inaweza kusimamisha moyo. Onyo hilo hilo ni la chumvi mbadala, ile ambayo sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. China iliijaribu katika vijiji 600, watu karibu 21,000, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kikipungua kwa asilimia 14 kwa waliopewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Ni kitu kizuri sana kwa mwenye figo nzima, na ni hatari kwa asiye nayo.

Magadi ni sodiamu

Hiki ndicho kipengele kinachowapita hata walio makini. Mtu amepunguza chumvi kweli, anapika makande, na ili yaive haraka anatupia magadi. Magadi hayana ladha ya chumvi, kwa hiyo hayahesabiwi. Lakini magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni kaboneti na baikaboneti za sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya dukani kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, zaidi ya nusu ya kiwango cha siku nzima. Kweli, sodiamu ya magadi haionekani kupandisha presha kwa nguvu ile ile ya sodiamu ya chumvi. Ila kuna mengine: magadi huua vitamini B1 ya maharage, na magadi ya asili ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi hubeba floridi nyingi, ile inayochora meno ya watoto rangi ya kahawia.

Maharage yanaiva bila magadi kama yakishughulikiwa mapema. Chagua, osha, loweka kwa maji mara tatu ya ujazo wake, saa 8 hadi 12. Mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10, kisha punguza moto. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju mpaka punje ibonyezeke kati ya vidole viwili, kwa sababu uchachu hushikilia ganda lisilegee. Anayetia nyanya mapema ndiye anayelalamika kwamba bila magadi maharage hayaivi. Sababu nyingine ni maharage yenyewe: yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu msimu mzima au zaidi hukakamaa, na hayo hata yakilowekwa siku mbili yatasumbua. Uliza sokoni maharage ya mavuno mapya, yenye ganda linalong'aa.

Baadhi ya familia za magharibi mwa Kenya hutumia munyu wa majivu, maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi. Mdomoni hufanana na magadi, lakini majivu ya mimea huwa na potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Ni vitu viwili tofauti, na mwenye figo mbovu ajihadhari na vyote viwili.

Kupima bila kujidanganya

Yote haya hayana maana kama hupimi, na upimaji mbaya huleta namba za uongo kwa pande zote mbili. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono huyumba sana. Pima mzunguko wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, kisha ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mkanda mdogo ndiyo chanzo cha presha za uongo nyingi: mtu mwenye mkono mnene sana akifungwa mkanda wa kawaida, namba ya juu inaweza kuzidi kwa karibu 20.

Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usipande ngazi. Nenda haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa peke yake huweza kuongeza 10. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemea, nyayo zote mbili zikae sakafuni bila kukunja miguu. Mkono uwe wazi, usifunge juu ya sweta wala usikunje mkono wa shati ukabana. Mkanda ukae sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Mkono uulaze mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo; ukiuacha uning'inie, namba ya juu hupanda kwa 6 hivi. Tulia dakika 5. Usiongee wakati mashine inafanya kazi, na wa pembeni nao wasikusemeshe. Hili la mwisho huvunjwa hata kwenye vituo vya afya, ambako mgonjwa anaulizwa jina na umri mkanda ukiwa unajaa.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, na jioni tena, kwa siku 7. Andika kila namba, hata zile usizozipenda. Namba za siku ya kwanza zitupe, kwa kawaida huwa juu kwa wasiwasi, na utafute wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ni presha ya kupanda. Kliniki mstari ni 140 kwa 90. Ukipata 150 mara moja baada ya kugombana na mtu, hujapata ugonjwa. Ukipata wastani wa 150 kwa siku sita, nenda kliniki na daftari lako.

Ukibadilisha chumvi leo, usitafute matokeo kesho. Subiri wiki nne, kisha rudia wiki nyingine ya vipimo kwa mkono ule ule na saa zile zile.

Ukuta, pumzi na rozela

Mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio 270 ya mazoezi na presha. Mazoezi ya kukimbia na kutembea kwa kasi yalishusha namba ya juu kwa wastani wa 4 na nusu. Yale ya kukaza misuli bila kusogea yalishusha kwa 8, na maarufu kati yake ni kuketi hewani kwa kuegemea ukuta. Simama mgongo ukigusa ukuta, nyayo ziwe kama sentimita 60 mbele yake na zimeachana upana wa mabega. Teleza chini mpaka mapaja yaanze kuuma ukiendelea kukaa hapo; magoti yenye maumivu yasishuke chini sana. Kaa dakika 2, pumzika dakika 2, rudia mpaka zifike mara nne. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Kosa la hatari ni kuzuia pumzi, kwa sababu presha hupaa hapo hapo. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kuzuia pumzi. Mwenye namba ya juu ya 180 asianze zoezi hili kabla presha yake haijadhibitiwa. Kutembea usikuache: dakika 30, siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Kupumua polepole, pumzi 6 kwa dakika kwa robo saa, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, hushusha kidogo na hutuliza. Kila kilo moja ya uzito wa ziada inayoondoka hushuka na takriban moja ya namba ya juu. Pombe ikipungua, presha hupungua. Mwenye kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini achunguzwe, maana presha ya namna hiyo haisikii lishe peke yake.

Katika majani na maua ya kuchemsha, rozela, ambayo wengine huiita choya na Waarabu karkade, ina ushahidi bora kuliko mengi. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu vikombe vitatu kwa siku, mililita 240 kila kimoja, kwa wiki sita. Namba ya juu ilishuka kwa 7. Kila kikombe kilikuwa na gramu 1.25 tu za rozela kavu, kiasi kinachodonolewa kwa vidole vitatu, iliyolowekwa dakika 6 kwenye maji yaliyochemka. Huku kwetu hutiwa sukari mpaka inakuwa sharubati, na hapo faida yake inaliwa na uzito. Mjamzito aiache. Anayemeza dawa za presha aanze na kikombe kimoja na apime. Kitunguu saumu hushusha kidogo kwa baadhi ya watu. Limau halishushi presha. Faida yake ni ile tuliyoitaja, kumsaidia mpishi kupunguza chumvi.

Kabla ya kutafuta cha kuongeza, angalia pia unachomeza tayari. Diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa bila cheti kwa maumivu ya mgongo na kumezwa kila siku, hupandisha presha na kuumiza figo. Vidonge vya kuyeyuka vyenye mapovu vimejaa sodiamu: kidonge kimoja cha paracetamol cha aina hiyo kinaweza kubeba miligramu 400, sawa na gramu nzima ya chumvi. Baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua hukaza mishipa. Mpelekee mfamasia kila pakiti uliyo nayo nyumbani, umuulize moja moja.

Mpaka wa haya yote

Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kupunguza chumvi. Njia hizi na dawa husaidiana, na kadiri namba zinavyoshuka daktari ndiye anayepunguza dozi, akitazama daftari lako. Dalili kwamba dozi imekuwa kubwa ni kizunguzungu unaposimama. Kaa dakika 5, pima, simama, pima tena baada ya dakika moja na ya tatu; namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpelekee daktari namba hizo wiki hiyo hiyo.

Kizunguzungu kimezaa desturi moja mbaya. Mtu akiyumba, majirani husema presha imeshuka, wanamlambisha chumvi au kumnywesha maji ya chumvi. Wengine husema imepanda, wanamnywesha limau. Hakuna kati yao aliyempima. Mpe nafasi alale, miguu juu kidogo, mpime, mpime sukari kama kipimo kipo.

Ikiwa ni 180 kwa 120 au zaidi na hana dalili yoyote, atulie dakika 5 na apimwe tena. Ikibaki hapo, aonwe na daktari siku hiyo. Ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vibaya kwa ghafla au macho kuona giza, ni hospitali sasa hivi. Na uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, huenda ni kiharusi: mkimbize hospitali, usisubiri hata kupima. Tazama saa na ukariri dakika dalili zilipoanza, kwa sababu daktari atauliza hilo kwanza na tiba inategemea jibu. Usimpe kitu chochote mdomoni, si maji, si limau, si chumvi, wala kidonge chake cha presha: koo linaweza kuwa limepooza pamoja na uso, na atakachopewa kitaingia kwenye mapafu.